Tangi la Bwana Ansa

Samaki wa nne alikufa Jumapili, Bi Atim akijiandaa kwenda kanisani. Alimkuta ameelea ubavu, maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na Bwana Ansa, mumewe, anamtazama samaki yule kutoka kitini pake.

Miaka thelathini Bwana Ansa alikuwa bwana misitu, hapo hapo Calabar, kusini mwa Nigeria. Tangu kiharusi kimpate miezi kadhaa nyuma, hakuwa amesema neno; alikaa kitini akitazama ukuta. Ndiyo maana Atim alimnunulia tangi la kioo, akatandika mchanga, akapanda mimea, akatia samaki. Naye, muuguzi mkuu mstaafu, usafi ulikuwa dini yake ya pili. Kila baada ya siku mbili alimwaga maji yote, akasugua mawe, akakamua sifongo la chujio chini ya bomba mpaka likatakata.

"Hata samaki wamenishinda," alisema, akajibwaga sakafuni na gauni lake la kanisani.

Nkoyo, mke wa mwanawe, alikuwa mlangoni. Kaka yake alivua samaki wa mapambo huko mtoni kwao, na yeye alimsaidia tangu utotoni. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mama, niseme kitu bila kugombezwa?"

"Sema. Leo sina nguvu za kugomba."

"Unawaua kwa usafi."

"Ati nini?"

"Kwenye sifongo mna vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Wewe unaviua vyote kwa maji ya bomba yenye dawa." Akatia mkono tangini, akang'oa mmea. Shina lilikuwa limeoza, linanuka. "Na huu hauzikwi, Mama. Kwetu huota juu ya mawe."

"Kumbe nimefanya mazishi! Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Atim akakunja mikono ya gauni lake. Kanisani hakwenda. Wakakata vipande visivyooza vya mimea, wakavifunga kwenye mawe kwa uzi. Maji ya bomba wakayalaza ndooni hadi kesho yake ili dawa iishe, wakabadilisha robo tu. Sifongo Nkoyo alilisuuza katika maji yaliyotoka tangini humo humo. Samaki wapya? Wangoje mwezi mzima.

Mwezi ule ulimtesa Atim. Kioo kilipata utelezi wa kahawia, mikono ikamwasha kwa hamu ya kusugua.

"Mama, weka brashi chini."

"Natazama tu!"

"Na brashi mkononi?"

Juma la tano maji yalikuwa maangavu, majani mapya yamechomoza, na samaki wawili kutoka kwa kaka yake Nkoyo wakipenya katikati yake. Atim, akidhani Nkoyo yuko sokoni, alisogea na kitambaa afute kioo.

"A... acha," sauti ikasema nyuma yake.

Haikuwa ya Nkoyo. Bwana Ansa alikuwa ameinua mkono wa kushoto, kakunja uso.

Atim akacheka hadi machozi yakamtoka. "Miezi yote hii kimya, halafu anaanza kwa kunifokea!"

Akavuta kiti, akaketi karibu naye. Supu ya majani ya afang ikapoa mezani.