Sukari ya Baba Justa

Asubuhi ile Apolonia alimkuta mumewe zizini, ameng'ang'ania nguzo ya lango, shati limelowa jasho kama aliyenyeshewa. Mvua haikuwa imenyesha Samuye tangu wamalize kuvuna pamba. Alipomwita, Mihayo aligeuka, akamtazama kama mtu asiyemjua, kisha akamwinulia fimbo ya ng'ombe.

Bujiku, mdogo wake Mihayo, alitoka mbio nyumba ya pili akamkamata kwa nyuma. Mihayo alirusha mateke, akatoa maneno yasiyo ya Kisukuma wala Kiswahili, halafu akalegea. Walimfunga mikono kwa kamba, wakamlaza kwenye mkokoteni mpaka barabarani, na hapo wakapata lori la pamba lililowafikisha Shinyanga mjini.

Hospitalini, daktari kijana aliyeitwa Pantaleo alimpima damu, akamchoma maji ya sukari kwenye mshipa. Sindano ilikuwa haijaisha Mihayo alipofumbua macho.

"Mama Justa," alisema kwa sauti yake ya kila siku, "nani kanifunga?"

Apolonia alipiga magoti, akaanza kumfungua kamba.

Tumbo la Mihayo lilikuwa limevimba upande wa kulia kwa muda mrefu, na yeye alikuwa akisema ni bandama tu. Daktari alilibonyeza polepole, kisha akawaita Apolonia na Bujiku barazani.

"Ni saratani ya ini," alisema. "Imekuwa kubwa. Hapa hatuwezi kuikata, na sioni pa kuwapeleka."

"Na wazimu ule?" Bujiku aliuliza.

"Hana wazimu. Mara chache sana uvimbe kama huu humaliza sukari ya damu. Kichwa kikikosa sukari, mtu anapotewa na akili, anaanguka, na asipowahiwa anakufa. Nilisoma habari hizi chuoni. Mgonjwa mwenyewe, huyu ndiye wa kwanza kumwona."

"Kwa hiyo uvimbe unakula sukari yake."

"Tuseme hivyo."

Aliwaeleza wamlishe mara kwa mara, hata kwa kumwamsha usingizini, na sukari isikose karibu naye. Wakimwona anatoka jasho au anaongea ovyo, wampe mara moja.

"Mpaka lini?" Apolonia aliuliza.

Daktari alitazama uani, akasema chupa za maji ya sukari wodini zimebaki chache, na kwamba angempa ruhusa mapema ili akae na watoto wake.

Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na aliyekutwa ameficha bidhaa alikamatwa. Duka la kijiji lilipata sukari kwa nadra, nayo iligawiwa kwa vikombe. Apolonia alimlisha mumewe uji, viazi, na michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Kwa siku za mwanzo ilitosha. Kisha uvimbe ukazidi, naye akawa anapotea hata baada ya kula, na kila mara ni sukari iliyomrudisha. Majirani walitoa walichokuwa nacho. Kilipokwisha, Apolonia alimwacha mgonjwa na Bujiku, akaenda mjini.

Alizunguka maduka akijibiwa hapana kabla hajamaliza salamu. Mwishowe akafika kwa Mwanaidi, mjane aliyekuwa akinunua samli yake miaka yote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo huna kibuyu?"

"Natafuta sukari. Ya mgonjwa."

Mwanaidi alichungulia barabarani. "Jirani yangu wamemchukua juzi kwa mifuko aliyoifukia uani. Nawe unaniuliza hapa, mlango wazi?"

"Baba Justa anakufa, dada. Sina pengine pa kwenda."

Alikaa kwenye ngazi ya duka. Hakulia wala hakuomba tena. Wateja walimruka wakiingia na kutoka. Duka lilipobaki tupu, Mwanaidi aliingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililojazwa sukari, zito.

"Hii ni ya chai ya wajukuu wangu. Sijakuuzia, na hukuipata hapa. Nenda."

Apolonia alifika Samuye jua likiwa bado juu. Bujiku alikuwa ameketi mlangoni, hakuinua macho. Sufuria ya uji ilikuwa vilevile alivyoiacha, uji umeganda juu.

"Amekula?"

"Tuliamua asile."

"Nani kaamua?"

"Yeye na mimi, shemeji. Kile kitu kinaishi kwa sukari. Kaka akasema tukinyime, kife njaa."

Ndani, Mihayo alikuwa anatetemeka juu ya ngozi, meno yameumana, povu mdomoni. Apolonia alimlaza ubavu, akalowesha kidole, akachovya kwenye kopo, akampaka ndani ya shavu na kwenye ufizi. Akarudia. "Mshike kichwa," alimwambia Bujiku, na Bujiku akamshika huku machozi yakimtiririka. Kwa muda mrefu hakikubadilika kitu. Ndipo koo la Mihayo likapanda na kushuka. Akameza.

Aliporudiwa na fahamu, aliwatazama wote wawili.

"Kimekufa?" aliuliza.

"Hakijafa," Apolonia alisema. "Wewe ndiye ulikuwa unakufa. Kina akiba yake, Baba Justa. Wewe huna."

Mihayo alifumba macho. "Nimechoka kukilisha."

"Najua. Kula."

Alikula.

Kesho yake Bujiku alipanda baiskeli, akaenda Bugarama kwa wakwe zake wafuga nyuki, akarudi na debe la asali. Kwa asali ile Mihayo aliishi mpaka mvua za kwanza. Macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, miguu ikawa vijiti, lakini aliwatambua watu wake. Alimwonyesha Justa, binti yake, ng'ombe watakaokuwa wake, akawataja kwa rangi zao.

Siku ya mwisho asali haikusaidia tena. Bujiku alikuwa akimlisha, nayo ikawa inatoka pembeni ya mdomo. Alifuta, akachota tena, akajaribu, mpaka Apolonia alipomshika mkono.

"Basi, shemeji," alisema.

Bujiku hakukiachia kijiko. Ilibidi Apolonia amfungue vidole kimoja kimoja.