Ungerudi Kuruka Naye?

Kwenye klabu yetu, mtu akitaka daraja la ukufunzi wa kuruka kwa parachuti, hapewi mwanafunzi wa kweli siku ya mtihani. Nani atoe roho ya mtu ikafanyiwe majaribio? Anapewa mkufunzi mkongwe ajifanye mwanafunzi, tena mwanafunzi mbovu, anayesahau alichofundishwa na kurusha mateke hewani. Kazi hiyo ni yangu. Wananiita Mama Balaa, na jina hilo sikupewa bure.

Alama hutolewa na mkuu wa mtihani, yule tunayemwita Ndevu, ambaye huruka pembeni na kamera kwenye kofia. Lakini swali la mwisho huulizwa mimi, mbele ya mtahiniwa: ungerudi kuruka naye? Nikisema hapana, basi, daraja hana, hata kama Ndevu amempa alama zote.

Safari hii mtahiniwa alikuwa kitinda mimba wangu.

Ofisini, ukutani, ipo beji yangu ya miruko elfu moja. Pembeni yake nilipigilia msumari kwa ajili ya beji yake, nikijua zitakaa pamoja. Kumbe mwenzangu alikuwa na mipango yake. Klabu moja ya ng'ambo ilimtaka, klabu kubwa, yenye ndege ambazo haziwashwi kwa kubembelezwa kama yetu. Sharti lao lilikuwa hilo daraja. Akilikosa, nafasi anapewa mwingine.

"Umekata tiketi ya kesho kabla ya mtihani?" nilimuuliza asubuhi ile jikoni. "Una ujeuri wewe!"

"Nimeurithi kwa nani, mama?"

Tangu baba yake atutoke tumebaki wawili kwenye nyumba ile. Anaacha viatu vyenye tope mlangoni, nafoka. Anaimba bafuni kwa sauti mbaya, nafoka. Akiondoka, nitamfokea nani? Kuta? Nilitamani afeli. Nasema waziwazi, nilitamani afeli abaki, hata aninunie mwaka mzima.

"Usinihurumie huko juu," aliniambia akinifunga mikanda kwenye ndege.

"Hurumia nafsi yako," nikamjibu.

Tukaruka. Mwanzoni alinishika mkanda wa ubavuni kama inavyotakiwa, kisha akaniachia, maana lazima aone kama mwanafunzi anaweza kukaa hewani peke yake. Hapo nikamfanyia balaa ambalo sijawahi kumfanyia mtahiniwa yeyote. Nikajigeuza chali, nikakunja mguu mmoja, nikaanza kuzunguka kama pia. Mbingu, ardhi, mbingu, ardhi. Kanuni zinaniruhusu, kwa sababu wapo wanafunzi wanaofanya hivyo kweli. Moyoni nilikuwa nikisema, niache, mwanangu. Shindwa tu, twende nyumbani.

Alikuja mara ya kwanza, mguu wangu ukamgonga begani, akapeperuka. Akaja tena. Nikasikia mikanda inakazwa, mzunguko ukapungua, akanigeuza kifudifudi, na uso wake ukawa mbele ya wangu. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama ninavyomtazama mimi akiwa na homa. Kisha akanyoosha mkono ubavuni kwangu, akalivuta parachuti langu.

Anayefunguliwa parachuti husimamishwa ghafla, na aliyemfungulia huendelea kushuka. Jambo hilo nalifahamu miaka na miaka, nimelifundisha mwenyewe. Lakini siku ile nilipoona mkono wake unaniachia, na yeye anakuwa mdogo, mdogo, chini ya miguu yangu, nilimwita kwa jina lake la utotoni. Nililia peke yangu juu kule, hadi miwani ikajaa ukungu. Nilipoona parachuti lake limechanua chini, bado nilikuwa naita.

Nilipotua nikajipangusa uso, nikaingia ofisini kama kawaida yangu, nikilalamika juu ya upepo. Ndevu alikuwa ameshaitazama picha mara mbili.

"Alama zote," alisema. "Mama Balaa, ile ya leo ilikuwa nini? Ulitaka kumuua mtoto wa watu?"

"Mtoto wa watu gani? Ni wangu."

Binti yangu hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na ule msumari, amekumbatia kofia yake, anatazama viatu. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kung'ang'ania mikanda yangu.

"Haya," Ndevu akasema. "Jibu kama mwanafunzi. Ungerudi kuruka naye?"

Neno moja tu lingetosha. Lilikuwa mdomoni, tayari kabisa. Nikiwa mkufunzi ningeweza kubuni sababu hata kumi. Lakini niliulizwa kama mwanafunzi, na mwanafunzi alikuwa akizunguka chali hewani, akaja mtu akamshika asimwachie mpaka awe salama.

"Ningerudi," nikasema. "Hata kesho."

Ndevu akagonga muhuri. Binti yangu akainua uso, macho yamejaa machozi.

"Mama, kesho sipo."

"Najua!" nikamfokea. "Nimeulizwa swali, nimejibu."