Baba Povu

"Kata! Hicho kiwiko kinafanya nini ndani ya beseni?"

Kiwiko kilikuwa changu. Nilikuwa nimekichovya kwenye maji bila kufikiri, kama nilivyofanya kila asubuhi kwa miezi saba. Kiganja cha seremala kimeota sugu, hakisikii moto. Kiwiko hakidanganyi. Mwanangu alikuwa amelala kwenye mkono wangu wa kushoto, uchi kama alivyozaliwa, akizishangaa taa.

"Napima joto," nikasema.

Mwongozaji, kijana aliyepandisha miwani juu ya nywele, akawageukia wenzake. "Jamani, baba gani anajua mambo ya kiwiko? Fundi, nisikilize. Wewe hujui kitu. Sawa? Hujui. Ndiyo maana watu watacheka."

Sikwenda pale kuigiza. Nilikwenda kupiga misumari. Nilikuwa nimewajengea bafu la kuta tatu za plaiwudi, na dirisha linalotazama anga iliyopakwa rangi kwenye shuka. Mtoto nilikuwa naye mgongoni, kwa sababu mama yake alifariki yeye akiwa na wiki sita, na mgongo wangu ndio uliokuwa nyumba yake. Yule mwigizaji waliyemkodi alimshika mtoto wa kuazima kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa, na mtoto akakataa katakata. Ndipo mwongozaji aliponiona nikipita na msumeno, masikio makubwa, vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Huyu hapa baba!" akasema. "Tena na mtoto wake!"

Lilikuwa tangazo la sabuni ya watoto, sekunde thelathini tu. Ujira wake ulizidi wa mwezi mzima wa randa. Nikakubali. Nilijiambia kwamba mchezo ni mchezo, na kila mtu anajua. Huo ndio ujinga pekee nilioufanya siku ile, na hawakuupiga picha.

Kujifanya hujui ni kazi ngumu kuliko kujua. Waliniambia nifunge nepi vibaya. Mikono ikakataa. Nilikuwa nimejifunza kwa nesi wa kliniki kuingiza kidole changu kati ya kitambaa na tumbo, ili pini ikiteleza inichome mimi, na kidole kile kilikuwa na matundu kama chujio. Kila nilipoanza kukosea, kidole kilijipenyeza chenyewe mahali pake. Mara kumi na moja walisema "kata". Mara ya kumi na mbili nilimvisha mwanangu nepi kichwani, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Kisha povu. "Lipande usoni kidogo," mwongozaji akasema. "Kidogo tu, alie."

"Litamwingia machoni."

"Fundi, si ni sabuni ya watoto?"

Nililiachia povu. Mpaka leo mkono huu unalikumbuka. Mwanangu alifumba macho, akafungua kinywa, akalia kilio cha mtu aliyesalitiwa. Hapo nikasahau kamera. Nikamwinamisha, nikamsafisha jicho moja baada ya jingine kwa maji safi, kutoka puani kwenda nje, nikampulizia polepole na kumwimbia ule upuuzi wetu wa asubuhi, hadi akanyamaza na kunishika sikio. Nilipoinua kichwa, kamera ilikuwa imeshazimwa. Walikata pale kwenye kilio. Baada ya kilio wakaweka mlango unaofunguliwa, mwanamke mwenye gauni jeupe anaingia, anampokea mtoto kwa tabasamu, na sauti tamu inasema: "Mwachie mama."

Wiki tatu baadaye nilikuwa maarufu. Nilipita sokoni, mtoto mgongoni, mkokoteni wa mbao mbele, na watu wakapaza sauti kutoka vibandani: "Baba Povu! Mwachie mama!" Mwanzoni nilicheka nao. Mpaka muuza vitambaa, aliyekuwa akinichagulia nepi nzuri mwenyewe, akaanza kuuliza, "Nani amekutuma?" Mpaka jirani yangu fundi wa magari, ambaye mkewe alikuwa akifanya kazi ya zamu hospitalini, akaacha kuanika nguo za wanawe mchana. Alizianika ndani, juu ya viti, kama mwizi. "Si unajua watu, kaka," akaniambia, bila kunitazama. Nilijua. Aibu ile niliiuza mimi.

Mama mkwe wangu alikuja akiwa na barua ya kuitwa ofisi ya ustawi wa jamii. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki afikiriwe hivyo. Alikuwa amemzika binti yake wa pekee, na mikono yake ilikuwa mitupu. Siku ya kuitwa tulikaa kwenye benchi moja nje ya ofisi hiyo, mtoto katikati yetu.

"Mkwe, mimi sikuchukii," akasema. "Lakini wajukuu wangapi Mungu atanipa? Na dunia nzima imeona."

"Mama, ule ulikuwa mchezo."

"Alilia kweli. Kilio chake nakijua."

Ofisa alikuwa mwanaume wa makamo, tai imelegea, picha ya watoto wake wanne juu ya meza. Aliponiona alisimama, akanyoosha mkono. "Baba Povu mwenyewe! Nyumbani kwangu hawatalala nikiwaambia."

Nilikuwa nimekuja na kadi ya kliniki. Uzito ulikuwa ukipanda kila mwezi, mstari haukuvunjika hata mara moja, na chanjo zote zilikuwa na mihuri. Niliiweka mbele yake. Aliifungua, akaipitishia macho, akaifunga.

"Kliniki nani alikuwa akimpeleka?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mguu wangu."

Akacheka, akidhani nami naigiza. Nikamweleza habari ya povu: kwamba baada ya kilio nilimsafisha, akanyamaza, akanishika sikio. Alinisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mtu aliyelewa.

"Hiyo haimo," akasema.

"Waliikata."

"Ndugu yangu, mimi ni baba kama wewe. Tukubali tu, haya mambo sisi hatuyawezi. Kazi yetu ni kutafuta." Akachukua kalamu, akaandika kwamba mtoto alelewe na bibi yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mcheshi na alitaka tuachane vizuri, akasema: "Mwachie mama."

Karani alicheka mlangoni. Hata mama mkwe alitabasamu kidogo, halafu akajutia. Nilimfungua mwanangu mgongoni, nikamkabidhi kwa bibi yake, nikamwonyesha jinsi mtoto anavyopenda kuegemezwa kwenye bega la kushoto. Nilitoka nje na kanga ya kubebea mkononi. Ilikuwa bado na joto lake.

Nilikuwa nikienda kumwona kila mwisho wa mwezi. Nilipofika, watoto wa majirani walikimbia uani wakiimba "Baba Povu", naye akaimba nao kabla hajajua maana yake. Nikapunguza kwenda. Hilo ni kosa langu, sitamtwika mtu. Nikabeba sanduku la vifaa, nikaanza kuzunguka. Nimetengeneza milango katika miji ambayo siwezi kuitamka vizuri. Darasani nilikaa vipande vipande, muhula hapa, nusu muhula kule, kwa hiyo kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia vitu, na dunia nikaitazama kwenye televisheni za migahawa. Na kila mji nilimkuta mtu yuleyule: baba aliyeshindwa kuchemsha yai, baba aliyepotea jikoni kwake, baba anayemwita mkewe kwa kilio kwa sababu mtoto amechafuka. Anabadilishwa suruali tu. Watu wanacheka na sahani mkononi, na mwanamke aliyepika sahani hizo, ambaye miguu yake inawaka moto, anacheka pia. Ningependa nisimamishe mmoja nimuulize: Unacheka nini, dada? Wamekuambia kwamba hatapatikana wa kukusaidia.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mwanangu. Ana miaka thelathini na moja sasa, na mtoto wa kwanza, wa wiki tano. Nilimkuta anajaza beseni jikoni, mtoto mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mume wake, kijana mzuri, mpole, mhasibu, alikuwa sebuleni akitazama kichekesho. Sikuhitaji kuchungulia, nilisikia vicheko, nikajua baba wa humo ameunguza kitu.

"Mume wangu, njoo unishikie taulo," mwanangu akaita.

"Mimi tena?" akajibu, akicheka. "Mambo hayo siyawezi, utasikia nimemwangusha. Mwachie mama!"

Alisema tu kama watu wanavyosema. Alikuwa hajazaliwa tangazo lile lilipotoka. Hakujua lina mwenyewe, wala kwamba mwenyewe amesimama jikoni kwake.

Mwanangu alijua. Aliufunga mfereji. Akanitazama, kile kichwa chake kikiwa kimeinama upande wa kushoto kama zamani.

"Bibi alikuwa na mkanda wa video wa tangazo lile," akasema. "Niliutazama mara nyingi sana nilipokuwa mdogo. Baba, uliniachia povu machoni kweli?"

"Kweli."

"Nikalia."

"Ulilia sana."

Akamweka mtoto begani, akampigapiga mgongo. Sebuleni walicheka tena, kisha sauti ya televisheni ikashuka, na nikasikia kochi likilia mtu alipoinuka.

"Halafu?" mwanangu akauliza.

Ofisa hakuniuliza neno hilo. Wala mama mkwe, wala yeyote kati ya wote waliowahi kunipazia sauti sokoni. Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono mara mifukoni mara nje, hajui aiweke wapi.

"Kunja mikono ya shati, baba, usogee hapa," nikamwambia. "Mpaka juu ya kiwiko."