Kesi ya Matapishi ya Florence

Florence alitapika mara ya kwanza siku ya Jumanne, mbele ya geti la kanisa, saa ile ile kwaya ya kina mama inaingia kufanya mazoezi ya nyimbo. Angewahi nyuma ya choo, mambo yangeishia huko. Lakini tumbo halichagui mahali, na kufikia Alhamisi Kiembeni nzima ilikuwa inajua kwamba mwenyekiti wa kina mama, mjane wa miaka hamsini na minne, ana mimba.

Mtu mwenye akili zake atauliza watu walifikaje huko. Walifikishwa na mchungaji. Alikuwa amehubiri habari za Sara wa kwenye Biblia, aliyezaa uzeeni, Jumapili nne mfululizo, Sara na uzee wake, Sara na kicheko chake, kisha akafunga begi akaenda semina Voi na kuwaachia wazee wa kanisa kazi. Sasa wewe kaa kwenye benchi mwezi mzima ukilishwa Sara, halafu umwone mwanamke mtu mzima ameshika nguzo ya geti anatapika. Hata wewe ungekosa pengine pa kuipeleka akili yako.

Ukweli wenyewe haukuwa na utamu wowote. Mume wa Florence, marehemu Ruwa, alikufa kwa presha akiwa ameketi kitandani anangojea chai. Chai ilipofika yeye hakuwepo tena. Miaka miwili baadaye Florence alipimwa kliniki, na nesi akamwonyesha namba zilezile alizowahi kuonyeshwa Ruwa. Alirudi nyumbani akaogopa mpaka akashindwa kupika. Ndiyo maana Lynnette, yule nesi, alipoanzisha mazoezi ya kina mama kiwanjani mwa kanisa, Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi, Florence alikuwa wa kwanza kununua raba.

Lynnette alikuwa msichana wa bara, mwembamba, na alipenda mbio za kupanda. Kutoka geti la kanisa hadi kwenye tangi la maji kuna mlima mfupi lakini mkali. Unakimbia kwa nguvu zako zote hadi juu, unashuka ukitembea, unapumzika kidogo, unarudia. Mara tatu.

"Ulikula saa ngapi, mama?" Lynnette alimuuliza Jumanne ile, akimpangusa mdomo.

"Sasa hivi tu. Viazi karai."

"Vingapi?"

Florence alitazama chini. "Saba."

"Mama, nilisema masaa mawili kabla ya mbio usiguse chakula kizito. Damu inaenda miguuni, tumbo linabaki na mzigo peke yake. Litafanya nini? Linatupa."

Florence alielewa vizuri sana. Tatizo halikuwa kuelewa. Tatizo lilikuwa Winfred.

Winfred, aliyeleta viazi vile, alikuwa jirani yake, mwanamke mwema kupita kiasi, na kwao huko, kama kwa kina Florence, chakula kikiletwa nyumbani kwako unakila mbele ya aliyekileta. Chombo hakirudi na chakula ndani. Mletaji anaketi, anaweka mikono mapajani, anangoja bakuli lake. Ukisema umeshiba anasema onja tu. Ukionja anasema basi malizia. Kurudisha bakuli lenye chakula ni kumwambia mtu kwamba mkono wake umekutia kinyaa, na neno hilo likitoka halirudi.

Habari za mimba zilipoenea, Winfred ndiye aliyekuja wa kwanza, machozi yakimlenga. Alileta mbaazi za nazi. "Kula, dada. Mimi sitaki kujua ni ya nani." Florence akakana, akaapa, akala. Jumamosi Winfred akaja na uji wa wimbi, nusu saa kabla ya mazoezi, akangoja bakuli. Florence akala, akaenda, akakimbia, akatapika. Jumanne ilikuwa mihogo ya nazi. Akatapika. Kadiri alivyotapika ndivyo walivyomhurumia, na kadiri walivyomhurumia ndivyo walivyompikia, na mwanamke wa watu akawa anazunguka ndani ya mduara huo hajui pa kutokea. Mwanawe Kiponda, anayefanya kazi huko Port Reitz, alimpigia simu kumuuliza kwa upole kama ni kweli atapata mdogo wake.

Hapo ndipo Mzee Ishaka, mkubwa wa wazee wa kanisa, alipoitisha kikao.

Mzee Ishaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye mchungaji akisafiri anarefuka. Aliwaketisha wazee wenzake wawili ofisini, akamweka Mweri, katibu, mezani na daftari lake, kisha akamwambia Florence kwamba kanisa halimhukumu, ila kitambaa chake cheupe chenye upindo wa buluu, kitambaa cha mwenyekiti, itabidi akikabidhi hadi ukweli ujulikane.

Kitambaa kile Florence alikuwa amekivaa miaka kumi na tisa. Alikuwa nacho kichwani siku ya kumzika Ruwa, na siku ile ndicho kitu pekee mwilini mwake kilichokuwa kimenyooka. Aliuweka mkono wake juu ya kichwa kana kwamba upepo unataka kukibeba kitambaa.

"Nitaleta kipimo kutoka duka la dawa," alisema.

"Vipimo vya duka tunavijua," Mzee Ishaka alisema. "Mpwa wangu alipima mara mbili akaambiwa hana kitu. Leo hicho kitu kisichokuwepo kiko darasa la nne."

"Basi nitakwenda hospitali."

"Daktari atasema ni siri ya mgonjwa. Sasa sisi tutaijuaje?"

Florence alieleza tena, polepole, habari za viazi, uji na mlima. Alisema akikimbia bila kula hatatapika hata akiombwa.

Mzee Ishaka akamwinulia kidole, akafurahi. "Haya, umejifunga mwenyewe. Jumamosi saa nne utakimbia mbele yetu. Usipotapika, kitambaa ni chako. Mweri, andika."

Mweri aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Imeamuliwa kwamba atakayetapika siku hiyo ndiye mwenye mimba.

"Si uandike jina langu?" Florence aliuliza.

"Jina linaeleweka, dada," Mweri alisema. "Na ukurasa umekwisha."

Jumamosi Lynnette alifika kwa Florence alfajiri, kama kocha wa bondia. Saa kumi na mbili alimpa kipande kimoja cha mkate na nusu ya ndizi. Maji alimnywesha kwa mafunda madogo, moja sasa, moja baadaye, akamkataza katakata kuyamimina tumboni kama anayejaza pipa. Akamfundisha tena: anza na kutembea, mwili upate moto. Ukishindwa kutamka sentensi fupi, punguza. Ukimaliza usisimame ghafla wala usiinamishe kichwa, tembea, tazama mbali.

Saa tatu Winfred akapiga hodi na bakuli la uji, limefunikwa sahani.

Florence alijificha chumbani, moyo ukimpiga kuliko unavyompiga mlimani. Alimsikia Lynnette akisema mlangoni kwamba mama amefunga, yuko kwenye maombi. Aliyefunga ndiye mtu pekee asiyelishwa. Winfred alirudi na bakuli lake kwa heshima. Florence alikuwa hajafunga kitu chochote isipokuwa mlango, na aibu ya uongo ule ilimkaa kifuani njia nzima hadi kanisani.

Uji haukuharibika. Winfred aliupeleka kwa wazee. Wazee wa kanisa wakienda kazini Jumamosi hulishwa kwanza, hakuna anayefungua kinywa kuhukumu kabla hajakifungua kula, na kina mama walikuwa wameshaandaa: mahamri, mbaazi za nazi, samaki wa kukaanga, chai ya maziwa. Mzee Ishaka, akiwa mkubwa wao, alipakuliwa kama mkubwa wao. Kisha uji wa Winfred ukafika, na Winfred akaketi akangoja bakuli.

Kiwanjani kulikuwa na watu kama sitini. Jua lilikuwa limeshapanda. Florence alianza kutembea polepole ukutani mwa kanisa, kwenda na kurudi, kuupasha mwili moto kama alivyofundishwa, na watu wakanong'onezana kwamba anaogopa.

"Kuna jambo," Mzee Ishaka alisema. "Nyuma ya lile tangi haonekani. Atatapika huko, ashuke amejifuta. Lazima shahidi awe ubavuni mwake."

Wazee wenzake wakatazama viatu vyao.

"Basi nitakwenda mwenyewe. Mimi nilicheza mpira."

Alivua koti, akaitia tai mfukoni, akasimama kwenye mstari na viatu vyake vya kanisani vinavyong'aa. Lynnette alimwangalia tumbo. "Mzee, umekula saa ngapi?"

"Anayepimwa ni yeye, mwanangu."

Wakaondoka. Florence alipanda kwa hatua fupi, macho kwenye tangi, pumzi ikiingia na kutoka kwa hesabu. Mzee Ishaka alimpita papo hapo. Hakuona ni sawa mzee wa kanisa kuwa nyuma ya mshtakiwa.

"Mama watoto hajambo?" Florence aliuliza walipofika juu, akijipima kama sentensi inatoka.

"Hajambo sana, anakusalimu, alisema atakuja Jumapili," Mzee Ishaka alijibu, akihema lakini kwa ufasaha.

Walishuka wakitembea. Florence alichukua funda moja la maji. Mzee Ishaka alimaliza chupa nzima.

Mara ya pili Florence alimuuliza habari za shamba. "Mahindi," alisema Mzee Ishaka, akaishia hapo. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Mzee, punguza," Lynnette aliita kutoka chini. "Au pumzika kabisa, hakuna ubaya."

Alikataa kwa mkono. Watu sitini walikuwa wanatazama, na wanaume wa namna yake wangependa kuzimia kuliko kuombwa wapumzike.

Mara ya tatu Florence hakuuliza kitu. Alikuwa amechoka, mapaja yakimwaka, na katikati ya mlima kichefuchefu kilimgusa kweli, kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Akaogopa. Akakumbuka kitambaa, akakumbuka kikombe cha chai alichokishika siku ile ya Ruwa mlangoni mwa chumba. Akapunguza mwendo. Aliuacha mwili uende kwa kiasi chake, hata Mzee Ishaka alipomtangulia hatua kumi, kisha ishirini. Kichefuchefu kikasita, kikaondoka. Alifika kwenye tangi, akaligusa, akageuka, akashuka akitembea huku anatazama mapaa ya mbali.

Mzee Ishaka alishuka mbio. Alifika getini wa kwanza, akasimama ghafla, akashika nguzo, akainamisha kichwa. Yote yakatoka. Uji, mbaazi, samaki, mahamri, chai, kwa utaratibu uliofuata karibu ule wa kuingia, ila kinyume. Ilikuwa nguzo ile ile.

Mtoto mmoja alitaka kucheka akafinywa. Mweri, ambaye katika maisha yake hajawahi kuacha wajibu, alifungua daftari akasoma kwa sauti ya katibu: "Imeamuliwa kwamba atakayetapika siku hiyo ndiye mwenye mimba."

Mzee mmoja alivua kofia.

Florence ndiye aliyekwenda. Alimshika Mzee Ishaka kwapani kabla hajakaa chini. "Usikae, mzee. Tembea na mimi. Polepole. Inua kichwa, tazama kule." Akamtembeza kivulini kando ya ukuta, akampa maji kwa kifuniko cha chupa, funda moja, akangoja, funda jingine. Mkono wa mzee ulikuwa baridi, na Florence, aliyekuwa amejiandaa wiki nzima kufurahia saa hii, akajikuta anamwombea moyo wake uendelee kupiga. Ulitulia. Rangi ikaanza kumrudia.

Hapo Winfred akatokea na bakuli. Ulikuwa uji uliobaki, ameupasha moto. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Kula, mzee," alisema. "Mimi sitaki kujua imekuwaje." Akaketi, akaweka mikono mapajani.

Mzee Ishaka alilitazama bakuli. Halafu akamtazama Florence, na katika macho yale Florence alijiona mwenyewe, Jumanne kwa Jumanne, ameketi mbele ya bakuli asiloweza kulikataa.

Alilichukua bakuli mikononi mwa mzee. Lilikuwa limejaa. Alimrudishia Winfred.

"Hawezi, dada yangu. Tumbo lake halijatulia. Mkono wako tunaupenda, lakini leo chombo kitarudi na chakula."

Winfred alilipokea. Alilitazama bakuli, akamtazama Florence. "Kumbe mngekuwa mnasema," alisema, akaenda zake jikoni.

Florence alibaki amesimama. Hakuna paa lililoanguka. Siku zote hizo za aibu zingezuilika kwa sentensi moja, na alikuwa nayo mdomoni muda wote. Alisikia hasira, kisha hasira ikamwishia, akatamani kuketi.

Mweri alisogea na daftari, kalamu juu. "Mzee, samahani. Niandike nini?"

Mzee Ishaka alikunywa funda lake, akameza, akangoja kama alivyofundishwa. "Andika kwamba nilikula vibaya nikakimbia kupita nguvu zangu."

Mweri akaandika. "Na ya dada Florence?"

Mzee Ishaka aliinamisha kichwa, akakumbuka, akakiinua tena, akatazama mbali.

"Andika hivyo hivyo," alisema.