Maembe ya Nyar Kuria

Mzee Mirumbe wa Kegonga, kule Kuria, hakukosa neno la kusema juu ya tunda la mtu mwingine. Ukimpa papai, atakuambia la kwake lina nyama nene zaidi. Ukimpa parachichi, ataliminya kwa kidole gumba, atalirudisha mezani, kisha akuulize kama ulilichuma kwa mkono au uliliangusha kwa fimbo. Shamba lake la ekari tatu lilijulikana hadi ng'ambo ya mpaka, na yeye alijua kwamba linajulikana. Ndiyo maana, alipokubali hatimaye kwenda kumtembelea binti yake Robi katika kisiwa cha Mfangano, alifunga mkungu mzima wa ndizi na nusu gunia la maparachichi. "Mtoto huyo kwa miaka tisa anakula samaki na mawe," alimwambia mkewe.

Ilikuwa miaka tisa tangu Robi aolewe na Levi, fundi wa kuunda mashua. Mirumbe alipokea ng'ombe wa mahari, akala karamu, lakini kisiwani hakukanyaga. Alisema anaogopa maji, na hilo lilikuwa kweli. Asilolisema ni kwamba aliona haya kidogo. Binti wa mkulima kama yeye, kwenda kuishi kwenye mlima uliozungukwa na ziwa, kati ya watu ambao, kwa alivyosikia, jembe wanalijua kwa jina tu! Safari hii alikwenda kwa sababu Robi alimpigia simu mara tatu katika Januari moja. "Matunda yameiva, Baba. Njoo sasa, usingoje Aprili."

Kutoka bandari ya Mbita alivuka kwa mashua akiwa amefumba macho, mikono yote miwili juu ya mkungu wake. Levi alimpokea kisiwani, pale gatini Sena, akamwamkia kwa heshima, akajitwisha ndizi. Njiani kuelekea nyumbani walipita chini ya miembe iliyoinama kwa uzito. Mirumbe aliiona vizuri sana, ila akakaza mwendo.

Asubuhi ya pili Robi alivaa viatu vya kutembelea. "Leo hatupiki, Baba. Nitakuzungusha kisiwani, tutakula njiani."

Wakaanza na mapera yaliyoota kando ya njia, yale ya rangi ya waridi ndani, yaliyonukia kabla hujayaona. Mirumbe akala manne. "Ni matamu kiasi," akasema. "Ya kwetu yana mbegu chache."

Mbele kidogo wakafika kwa Dolphine, rafiki wa Robi, wakamkuta ametandaza shuka kuukuu chini ya mzambarau. Hapo kisiwani zambarau huitwa jamna. Dolphine alitikisa tawi mara moja tu, na shuka ikageuka nyeusi. Mirumbe alichuchumaa kama mtoto, akala mpaka ulimi na vidole vikawa rangi ya wino na shati jeupe la safari likapata madoa matatu. Alipoinuka alijifuta midomo kwa muda mrefu.

"Hizi hatuna nyingi Kegonga," akakiri.

Kwa mtu kama yeye, hizo zilikuwa sifa kubwa. Robi aligeukia ziwa ili asimwone akicheka.

Saa sita jua lilipokuwa kali, jirani mmoja alimwita Robi akaangalie miche iliyokuwa ikinyauka. Robi akamwonyesha baba yake boma lililokuwa juu ya njia. "Tangulia kwa Mzee Paul upumzike kivulini. Nakuja sasa hivi."

Paul alikuwa mvuvi hadi goti lilipomkatalia. Alimkaribisha mgeni kwa Kiluo, akaona hajibiwi, akahamia Kiswahili. "Kaa hapa, Mzee. Umekuja kuona miti?"

"Nimekuja kutembea tu."

"Wote wanasema hivyo. Juzi mtu ametoka Kendu Bay, akasema anatembea tu. Aliondoka na miche sita."

Akachukua embe kwenye beseni, akalikata vipande vipana, akamsogezea sahani. Mirumbe alitia kipande mdomoni akiwa tayari na kasoro yake. Akatafuna polepole akiitafuta. Hakuna nyuzi, hakuna uchachu, na utamu wenyewe haukuwa ule wa kuchosha. Akachukua kipande cha pili ili atafute vizuri zaidi, kisha cha tatu.

"Hili ni embe gani?" akauliza.

"Hilo ni la Nyar Kuria."

"Aina hiyo sijawahi kuisikia."

Paul akacheka. "Si aina, ni mtu. Nyar Kuria maana yake ni binti wa Wakuria. Ameolewa hapa kwetu. Watu wa kilimo watakuambia hilo ni ngowe, lakini hapa ukisema ngowe hakuna atakayekuelewa."

Mirumbe aliweka ganda la embe chini. Paul, aliyependa kusimulia, hakungoja kuombwa.

"Mwembe huu unaotupa kivuli ulikuwa wa mama yangu. Maembe yake yalikuwa nyuzi tupu, unakula dakika mbili, unachokoa meno mpaka jioni. Huyo msichana akaja na kisu, eti anataka kuukata matawi apandikize mengine. Nikamfukuza. Akarudi. Nikamwambia akakate miti ya baba yake."

"Akasema nini?"

"Akasema baba yake amekata miti mingi, na katika Kuria nzima hakuna mwenye mkono kama wake. Akasema nikimwona kazini nitanyamaza mwenyewe. Mara ya tatu nikachoka. Nikamwambia haya, kata tawi moja. Tawi hilo ndilo lililozaa maembe ya kwanza. Sasa hakuna boma upande huu lisilo na mti wake. Samaki walipopungua, watu hapa waliuza maembe na watoto wakabaki shuleni."

Karibu na ukuta wa nyumba palikuwa na mche mchanga, ukiwa bado umefungwa utepe wa plastiki pale kijiti kipya kilipounganishwa na shina. Mirumbe akainuka, akapiga goti mbele yake. Mkato ulikuwa wa mshazari, mrefu, safi. Utepe ulizungushwa kutoka chini kwenda juu, na fundo likakunjwa kuelekea ndani ili maji ya mvua yasilifungue. Hakuna aliyefunga hivyo isipokuwa yeye. Alilibuni fundo hilo mwenyewe mwaka ambao mvua iliozesha maparachichi yake yote, akamfundisha mwanawe Werema. Kazi ya Robi ilikuwa kushika tepe na kumpa kaka yake. Siku moja, akiwa na miaka kumi na miwili, Robi alichukua kisu akajaribu mwenyewe. Mirumbe alimnyang'anya. "Hiki si cha wasichana," alimwambia, mbele ya watu. Werema sasa alikuwa na duka Kehancha, na hakuwa amegusa mti kwa miaka mingi.

"Umeona nini hapo?" Paul akauliza.

"Nimeona mkono ninaoujua."

Paul akakunja uso. Akaegemea fimbo yake, akasimama. "Sikiliza, rafiki yangu. Kama umetumwa kuja kumchukua akafundishe kwingine, mashua ya saa nane bado haijaondoka. Wa Mbita wamejaribu, wa Kosele wamejaribu. Nyar Kuria ni wetu."

"Ni wangu," Mirumbe akasema.

"Wako kivipi?"

"Nimemzaa."

Paul alimtazama kuanzia viatu vyenye vumbi hadi midomo iliyobaki na rangi ya jamna. Kisha akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akapaza sauti kwa Kiluo mpaka majirani wakatoka majumbani. Robi alipopanda kutoka kwenye ile miche, alimkuta baba yake katikati ya watu, akipewa mkono na huyu na yule, na macho yake yamelowa. Alikuwa akirudia kila mara, kwa sauti iliyozidi kupanda: "Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye baba yake."

Walirudi nyumbani polepole. Walipofika mahali ambapo njia inakaribia maji, mzee akamgeukia binti yake.

"Robi. Nilikunyang'anya kile kisu."

"Nakumbuka, Baba."

"Nilikosea. Na nilikosea mbele ya watu."

"Nilikasirika miaka mingi. Halafu nikanunua changu."

Mirumbe alisimama, akacheka kwa nguvu, mabega yakitikisika, na Robi naye akashindwa kujizuia.

Kikundi cha akina mama kilikuwa na mafunzo kesho yake nyuma ya kanisa. Habari zilikuwa zimeenea, na mwenyekiti akamwomba mgeni awafundishe, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wa mwalimu wao. Mirumbe akasimama, akarekebisha shati lenye madoa. "Mimi ninajua miti ya baridi," akasema. "Hapa kuna joto na upepo wa ziwa, na utaalamu wa hapa anao huyu. Nimekuja kusikiliza." Akakaa kwenye nyasi, mstari wa mbele, na Robi alipoeleza jinsi ya kukinga mche dhidi ya upepo, mzee aliuliza maswali mawili na jibu la pili akaomba lirudiwe.

Mafunzo yalipoisha alitoa simu, akampigia Werema kwa Kikuria, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike hadi kisiwa kingine. Wale akina mama hawakuelewa neno hata moja, ila walisikia jina la Robi likitajwa mara nne.

"Anamwambia nini?" Dolphine akanong'ona.

Robi alikuwa amejifunika uso kwa kanga. "Anamwambia kaka yangu afunge duka wiki moja," akasema, "aje hapa nimfundishe."