Hodi Kutoka kwenye Kompyuta

Kitu cha kwanza alichokiona Ikupa ni unyevu. Kitambaa kilichofunika kompyuta ya ofisi kilikuwa kimeloa mahali pamoja, upande wa mbele, kama shuka la mtu aliyelala amejifunika uso. Akakitoa, akakianika dirishani, akafuta vumbi mezani. Foleni ya malori ya kwenda mpakani ilikuwa imefika mji mdogo wa Mpemba, ilipo ofisi, na kuupita, na madereva walikuwa wakipiga mswaki kando ya barabara.

Alipoinama kufuta miguu ya meza, kompyuta ikapiga hodi.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua. Ikaita mara tatu, ikanyamaza. Ikafuata ya mwanamume, halafu nyingine, na nyingine. Ikupa hakuitikia. Kijijini kwao Ruanda alifundishwa kwamba hodi ya nyumba huitikiwa na wenye nyumba, na yeye hapo aliajiriwa kufagia na kuchemsha chai.

Wenzake walipofika nao walisikia. Jenista, mhasibu, alisema hao ni waombaji wa kazi. Kampuni ilikuwa imetangaza nafasi ya karani wa kutoa mizigo forodhani, maombi kwa barua pepe tu.

"Yakikaa bila kufunguliwa yanapiga hodi," alisema huku akitafuta chaja yake. "Hata kule nilikokuwa zamani yalikuwa hivyo hivyo. Mtazoea."

"Mbona wengine wananong'ona tu?" aliuliza Ayoub, mlinzi.

"Hizo ni CV mbaya."

Mmoja wa walionong'ona alikuwa Anyosisye, kaka yake Ikupa. Alimtambua kwa lafudhi ya kwao ya Kindali ambayo chuo hakikuiondoa, ingawa sauti ilitoka kama ya mtu aliyezibwa mdomo na blanketi. Anyosisye alikuwa amemaliza shahada ya biashara, na sasa alibeba marobota mpakani. Ili asome, mama yao aliuza shamba la kahawa kipande kwa kipande, mpaka ikabaki miti iliyozunguka choo. Mnunuzi wa vipande hivyo sasa aliitaka na nyumba. Mama alimwambia asubiri kwanza Anyosisye apate jibu la kazi hii.

Jioni, katika chumba walichopanga, Ikupa alimwambia, "Kaka, leo nimekusikia ofisini. Ila huelewiki."

Anyosisye akaenda kwa Kefa, mwenye kafe ya intaneti karibu na soko. Kefa alifungua wasifu wake akahesabu kurasa.

"Kurasa sita, kaka! Umeandika mpaka mwaka wa ubatizo. Nani atakusoma yote haya, malaika?"

Akamfundisha. Achukue maneno yaliyo kwenye tangazo, ayatumie yaleyale pale ambapo ni kweli. Asijiite mchapakazi, aseme alifanya nini na kikatokea nini. Faili asiliite "CV mpya ya mwisho kabisa", aliite kwa jina lake na jina la kazi. Walikata mpaka zikabaki kurasa mbili, wakatuma upya.

Kesho yake hodi ya Anyosisye ilisikika kama ya mzee wa kanisa akitoa matangazo. Ilizizima nyingine zote. Ayoub aliisikia akiwa getini, na dereva mmoja kwenye foleni alizima redio kujua nani anaita.

"Umesikika mpaka barabarani," Ikupa alimwambia.

Anyosisye akanyoa ndevu, akapiga pasi shati lake la mahafali, akalitundika ukutani likae tayari. Mama alipigiwa simu. Akaenda kumwambia mnunuzi aongeze subira.

Wiki hiyo bosi, Mzee Boazi, aliingia ofisini na kijana aliyevaa viatu vipya. Alikuwa Gibson, mtoto wa dada yake.

"Huyu ndiye karani wetu. Mpeni ushirikiano."

Ayoub alimnong'oneza Jenista, "Huyu mbona hatukumsikia akipiga hodi?"

"Mtoto wa nyumbani anapigaje hodi, Ayoub? Kalinde geti."

Gibson alikaa mbele ya kompyuta akacheza karata. Maombi hakuyafungua. Hodi zilipomkera alirudisha kitambaa juu ya kompyuta na kuchezea simu.

Ilikuwa saa ya chai, Jenista ana chapati mdomoni, Anyosisye alipopiga hodi yake ya tatu. Jenista alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri haiachi hodi ya tatu ipotee. Bila kufikiri akaitikia, "Karibu!"

Kiti cha pembeni kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa. Hakuonekana mtu. Wote wakakitazama kiti, kisha wakamtazama Jenista.

"Umeshamkaribisha," alisema Ayoub.

"Sasa ningefanyaje? Ikupa, mletee mgeni chai."

Ikupa akaleta. Chai ikapungua taratibu kikombeni, ikaishia nusu. Ndivyo Anyosisye anywavyo ugenini, hamalizi, asije akaonekana ana njaa. Jioni nyumbani alikataa uji.

"Nina chai tumboni," alisema. "Sijui nimeinywa wapi."

Siku ya pili mgeni akaja tena, akakaa, akapewa chai na kipande cha muhogo. Siku ya tatu Mzee Boazi alikuta kiti kinalia. Alipoelezwa, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

Hapo Gibson akasukuma rundo la nyaraka za malori mpaka kwenye kiti cha pembeni. Kalamu ikasimama yenyewe ikaanza kuandika. Ulikuwa mwandiko wa Anyosisye, umelalia kushoto. Kufikia mchana malori yaliyokwama tangu wiki iliyotangulia yalikuwa yamevuka kwenda Zambia.

Ikawa hivyo kila siku. Wenye mizigo walimsifu Gibson, na mshahara ulipotoka aliwanunulia wote soda. Moja aliiweka kwenye kiti cha pembeni, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya.

Anyosisye alianza kuamka na wino vidoleni na mgongo unaouma. Mpakani alisinzia juu ya marobota, na wafanyabiashara wakaacha kumwita. Ikupa akamweleza yote.

"Kwa hiyo kazi nimeipata?" aliuliza.

"Kazi unayo."

"Na mshahara?"

"Anapokea Gibson."

Anyosisye alikaa akitazama shati ukutani. "Basi angalau wamenikaribisha," alisema. "Wengine bado wako mlangoni."

Akaenda tena kwa Kefa, aongeze uzoefu huo kwenye wasifu. Kefa akatikisa kichwa.

"Uzoefu unataka mdhamini, kaka. Bosi atasema ulikuwepo?"

"Hajawahi kuniona."

"Basi hukuwepo."

Mvua zilipokaribia, mnunuzi akachoka kusubiri, na mama akamwachia nyumba. Mama alishuka Mpemba kwenye lori la mahindi, ana godoro, sufuria na kuku aliyefungwa miguu. Sasa walikuwa watatu katika chumba kimoja. Jirani alipokuja kumpa pole, mama alikuwa ameketi mlangoni, amejifunga khanga kiunoni.

"Mungu hakunyimi vyote," alimwambia. "Huyu Ikupa alishindwa shule, tukamwacha. Lakini kaka yake yuko ofisini."

Ikupa alikuwa akimenya viazi. Akachukua kingine.

Asubuhi alifungua ofisi kama kawaida. Kompyuta ilikuwa imeloesha kitambaa chake, na waliobaki ndani waliita mmoja mmoja wakanyamaza. Kwenye kiti cha pembeni mgeni alikuwa ameshafika. Kalamu ilijaza nyaraka za malori, mstari baada ya mstari, kwa haraka ya mtu anayeogopa kukutwa hajamaliza. Ikupa alifagia mpaka kwenye kiti. Akaacha ufagio ukutani, akakaa chini, sakafuni, karibu na mahali ambapo magoti ya kaka yake yangekuwa.

"Kaka," alisema. "Mimi sikushindwa shule. Nilikuwa naipenda. Kahawa ya mwaka ule ilitosha ada ya mtoto mmoja."