Chaga za Nahodha Radi

Mshonaji alisimama mlangoni pa chumba cha uani, mikono kiunoni, akimtazama mumewe aliyeketi sakafuni katikati ya makaratasi. Kitanda bado kilikuwa vipande vipande ukutani. Mshonaji alikuwa akimsubiri mama yake, aliyekuwa njiani na kaka, akitoka hospitali alikotibiwa nyonga iliyovunjika. Kaka alishasema wazi: "Nikikuta hana pa kulala, nageuza gari naye." Na kwa kaka mama hataki kwenda, huko wote hutoka asubuhi, wakamwachia televisheni.

"Baba Watoto, chaga za kitanda ziko wapi?"

"Zipo tu. Hebu ona hii kwanza."

Akainua kofia ya buluu yenye mchoro wa radi. Kabla hajawa fundi wa simu alikuwa muuzaji katika duka la michezo ya video, na kila mchezo mpya ulipotoka, kampuni ilileta matangazo: kofia, beji, mabango, vibandiko. Duka lilipofungwa, vyote vilihamia kwake. Vikamfuata hadi kwenye ndoa.

Sasa alikuwa akivipanga mafungu: ya kutupa, ya kugawa, ya kufikiria. Fungu la kutupa lilikuwa na betri iliyovuja. La kufikiria lilikaribia kimo cha dirisha.

"Siku ya uzinduzi foleni ilizunguka jengo! Watu wananiita, 'Bingwa! Bingwa!'"

"Bingwa, chaga."

"Na wewe ulikuwepo kwenye foleni."

"Nilikuwa napita kununua uzi."

Hakuwa anapita. Alisimama pale mpaka miguu ikamwaka moto, akapewa kibandiko, akakibandika kwenye cherehani yake ya kwanza. Lakini kumwambia hayo leo kungekuwa kumfungulia redio.

Akaenda kumsogeza Nahodha Radi, mtu wa kadibodi wa kutangazia mchezo, mwenye kimo cha mtu mzima, aliyesimama pembeni kainua ngumi. Mbona mzito hivi? Akamgeuza. Mgongoni, zimepigiliwa misumari kwa ustadi, zilikuwa chaga za kitanda.

"Alikuwa anapinda kiuno," mumewe akasema taratibu. "Nilidhani kile kitanda hatutakitumia tena."

"Tangu asubuhi nazitafuta! Nimepanda mpaka darini!"

"Nilisahau. Haki ya Mungu, nilisahau."

Alimwamini, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

"Nikizitoa, hasimami tena," mume akasema.

"Na mama yangu je? Alale amesimama?"

Honi ikalia nje. Mume akamtazama Nahodha, akamtazama mkewe, akachukua koleo. Kila msumari uling'oka na kipande cha kadibodi, naye akikunja uso kama anayeng'olewa jino. Mkewe alipokea chaga na kuzipanga kitandani.

Kaka akatokea mlangoni, mama kamwegemea.

"Nilijua! Mama, turudi garini."

Mama alimtazama mkwewe aliyetota jasho, kisha Nahodha aliyelala kifudifudi, mgongo umechanika.

"Huyu naye katoka hospitali?"

"Bado chaga mbili, Mama," mkwe akasema. "Naomba unisubiri kidogo."

Mama akashuka polepole kwenye kiti cha cherehani, akanyoosha mguu.

"Nasubiri. Na wewe," akamwambia kaka, "usinisimamie hapo kama mlinzi. Kalete begi langu, kisha mshike godoro na shemeji yako."

Kaka akaguna, akaenda kulileta begi.